Ufa wa Jiwe la Bibi Felicitas

Kuna maradhi ya mwili na kuna maradhi ya cheo. Ya mwili humfanya mtu akohoe, akonde, ashike ukuta akienda msalani, na watu wakimwona humpa pole. Ya cheo hayana kikohozi. Mtu huamka nayo akiwa buheri wa afya, akala ndizi zake na maharage, akavaa kofia na kwenda kazini, wala hakuna ajuaye kwamba anaumwa. Wahenga, ambao hawakuwa watu wa kudanganywa ovyo, walituonya kuhusu mtu afichaye ugonjwa wake kwa kuona haya: ugonjwa huo hujitangaza wenyewe, siku asiyoitaka, mbele ya watu asiowataka. Fundi Byabato wa Bugene aliijua methali hiyo tangu shule ya msingi. Aliwahi hata kuiandikia insha, mwalimu akamsifu. Kuijua kulimsaidia nini? Hakukumsaidia kitu.

Byabato alikuwa fundi wa sakafu na kuta. Kuanzia Kayanga hadi Nyaishozi, ukiingia kwenye nyumba yenye vigae vilivyonyooka, ukauliza ni kazi ya nani, utaambiwa ni ya Byabato. Alikuwa na umri wa miaka hamsini na minane, mwembamba, mwenye vidole vilivyokwajuka kwa saruji. Akimaliza kazi alikuwa akipita akigonga kigae kimoja kimoja kwa kifundo cha kidole, kichwa kimeinama upande, akisikiliza kama daktari apimaye kifua. Akisema "safi," basi ni safi. Hakuna aliyethubutu kuligusa neno lake.

Kazi yake ya kwanza kabisa alipewa na Bibi Felicitas, jirani yake. Wakati ule Byabato alikuwa kijana asiye na hata mwiko wake mwenyewe, na watu walimcheka. Bibi Felicitas akamwambia, "Njoo unisakafie jiko langu. Ukiharibu, tutalia wote." Hakuharibu. Tangu siku hiyo alimwita mama, na bibi huyo alipofariki mwaka jana, Byabato alikuwa miongoni mwa waliobeba jeneza mpaka kwenye kibanja, nyuma ya nyumba, walikolala wazee wengine wa ukoo kati ya migomba na mibuni.

Mwaka ulipokaribia kutimia, Nolasco, mwana wa kwanza wa marehemu, aliyekuwa na kazi nzuri Mwanza, aliamua kwamba kaburi la mama yake lisifunikwe kwa vigae kama makaburi ya watu wengine. Padri angekuja Jumamosi kulibariki, na ukoo wote ungekuwapo. Nolasco akaja na jiwe kwenye lori, limefungwa ndani ya fremu ya mbao kama kioo. Lilipofunguliwa, watu walisogea. Lilikuwa bapa moja refu, jeusi, lenye mishipa myeupe iliyotambaa huku na huku, na unene wake haukuzidi kidole.

"Hili halichimbwi mlimani," Nolasco alieleza. "Kiwandani wanasaga madini na udongo, wanaukandamiza unga huo kwa mashine nzito, kisha wanauoka kwenye tanuri mpaka unakuwa jiwe. Ndiyo maana linaitwa jiwe la kuokwa. Halinywi maji, halipaushwi na jua. Hata ukitua sufuria ya moto juu yake, haliungui."

"Kwani marehemu atapikia huko?" aliuliza Shangazi Kokwijuka, dada wa marehemu mume wa Bibi Felicitas, mwanamke ambaye ulimi wake haukuwahi kulazwa na homa. Watu wakacheka, hata Nolasco mwenyewe.

"Upande wa kichwani nataka tundu la mraba," Nolasco aliendelea, "mguu wa msalaba upite hapo. Fundi, jiwe la namna hii umewahi kulifanyia kazi?"

Lilikuwa swali jepesi, na jibu lake lilikuwa jepesi vilevile. Angesema "bado," nani angemshangaa? Lakini palikuwa na watu zaidi ya kumi pale, wote wakimtazama yeye, na wengine walikuwa wamelala juu ya sakafu zake miaka ishirini. Byabato akaligonga jiwe kwa kifundo, akainamisha kichwa.

"Mara nyingi tu," alisema. "Bukoba nimeyaweka sana."

Uongo mtupu! Jiwe la aina ile alikuwa ameliona mara moja, kwenye meza ya mapokezi ya hoteli moja Bukoba, akaligusa kwa kidole alipokuwa akiulizia choo. Hapo ndipo maradhi yalipomwingia.

Sasa, nyumbani kwa Byabato alikuwapo mkamwana, jina lake Immaculata, mke wa mwanawe wa kwanza. Kabla ya kuolewa, Immaculata alikuwa amefanya kazi miaka mitatu kwenye karakana moja ya mawe huko Mwanza. Hakupika chai huko wala hakufagia. Alikata mawe, na mawe ya kuokwa yalikuwa sehemu ya kazi yake ya kila siku. Nyumbani hapo hakuna aliyemuuliza habari hizo. Walijua tu kwamba "alikuwa Mwanza," ikatosha.

Jioni ile, wakiwa wanamenya ndizi uani, alimwambia mama mkwe wake, Vero, kwa sauti ya chini.

"Mama, naomba unifikishie neno kwa baba. Jiwe lile si graniti. Limekandamizwa mpaka limebaki na nguvu ndani yake, kama upinde uliovutwa. Akitoboa kabla ya kupunguza kingo, litamgeuka. Na lile tundu la mraba asilikate kwa kona kali. Atoboe kwanza vitundu vya duara kwenye kona zote nne, ndipo aviunganishe. Maji yasikatike wakati wa kukata. Gundi nayo apake mgongo mzima wa jiwe, asiache uwazi chini."

"Mbona humwambii mwenyewe? Yuko hapo barazani."

"Mama, na wewe unajua."

Kweli Vero alijua. Katika nyumba ile, kama katika nyumba nyingi za huko, mkamwana hamsimamii baba mkwe mbele ya uso akamwambia unakosea. Humsalimu akiwa amepiga magoti, humpa maji ya kunawa, basi. Neno zito hupitia kwa mama mkwe, na mama mkwe hulivalisha nguo za heshima kabla ya kulifikisha. Desturi hiyo si mbaya. Imeokoa nyumba nyingi zisivunjike. Lakini desturi ni mlango tu, na mlango hauna faida ikiwa aliye ndani amekataa kufungua.

Vero akalifikisha neno wakati wa kula. Byabato alisikiliza, mkono umesimama kati ya sahani na kinywa.

"Nani kasema?"

"Mkamwana wako."

"Ala! Nimesakafia nusu ya wilaya hii, leo nifundishwe kukata jiwe na mtoto aliyekuja juzi?"

"Kazi hiyo ameifanya Mwanza, mume wangu."

"Basi arudi Mwanza akaifanye."

Vero akamwongezea mchuzi. Lakini msidhani Byabato hakusikia. Alisikia kila neno. Alitamani sana kuuliza vitundu hivyo viwe na upana gani, na diski yake ya almasi, ile yenye meno, je, ingefaa? Swali lilimfikia mpaka kwenye ulimi. Angeliuliza kwa Vero, Vero angemuuliza Immaculata jikoni, na jibu lingerudi kabla ndizi hazijapoa. Siri ingebaki kwa watu watatu. Akalimeza pamoja na ndizi.

Alhamisi asubuhi alikwenda kibanjani kwa Bibi Felicitas, akatandaza turubai kuzunguka mahali pa kazi, akawafukuza vijana waliokuja kumsaidia. "Kazi hii haitaki macho," aliwaambia. Na kweli haikutaka macho, kwa sababu hakujua aanzie wapi, jambo ambalo halikuwahi kumpata tangu lile jiko la kwanza. Akalilaza jiwe juu ya magogo mawili. Lilikuwa refu kuliko kaburi kwa karibu mita nzima, lakini kingo hakuzigusa. Alitaka kumaliza kwanza kile alichokiogopa. Akachora mraba kwa penseli, akawasha grenda, mashine yake ya kukatia.

Upande wa kwanza ulikatika vizuri. Wa pili na wa tatu pia. Akaanza kujisifu kimoyomoyo na kumdharau Immaculata na vitundu vyake. Diski ilipofika kwenye kona ya nne, alisikia mlio mdogo sana. Tiki!

Akazima grenda. Kutoka kwenye ile kona ulikuwa umetoka ufa, mwembamba kama unywele, urefu wa shibiri moja.

Byabato akaketi juu ya ndoo. Aliona haya, haya kali, ingawa pale hapakuwa na mtu hata mmoja. Tena jambo lenyewe lilikuwa bado linatengenezeka! Jiwe lilikuwa na ile mita ya ziada. Angeweza kukikata kipande chote cha kichwani chenye ufa, akakitupa, akatoboa tundu jipya kwenye sehemu nzima, na kaburi lingefunikwa sawasawa. Kilichohitajika ni mtu wa kumwelekeza ili asirudie kosa lilelile, na mtu huyo alikuwa ng'ambo ya ua, hata hatua mia mbili hazifiki, na bila shaka alikuwa amesikia grenda ikinyamaza ghafla. Lakini kipande kikikatwa, Nolasco angeuliza kwa nini. Na akiuliza kwa nini, ile "mara nyingi tu" ingeanguka chini mbele ya watu.

Akachukua saruji nyeupe, akaikoroga na gundi ikawa laini kama uji wa mtoto, akaiingiza kwenye ufa kwa njiti ya kiberiti. Akaivuta mpaka ikakutana na mshipa mmoja mweupe wa jiwe. Alipoifuta, ufa haukuonekana tena. Ulikuwa mshipa kama mishipa mingine, na ulipendeza. Hilo ndilo linalonitia uchungu nikilisimulia, kwamba mkono ule ulikuwa na ufundi wa kweli, nao ukautumia kusema uongo. Kisha akaipunguza ile mita ya ziada upande wa miguuni, akaipasua vipandevipande na kuifukia kwenye shimo la takataka.

Ijumaa aliwaita wanaume wanne wakalibeba. Juu ya kaburi aliweka mabonge manne ya gundi, moja kila pembe, kama alivyozoea kwenye vigae vidogo vya jikoni. Jiwe likatua, mguu wa msalaba ukapita kwenye tundu. Akaligonga kwa kifundo. Pembeni lilijibu vizuri. Katikati lilijibu kama debe tupu. Akagonga mara moja zaidi, kisha akaacha kugonga.

Jumamosi kibanja kilijaa. Padri alisoma misa, kwaya ikaimba, jiwe likang'aa juani mpaka watu wakawa wanajitazama humo. Byabato alisimama karibu, kofia mkononi, akipokea pongezi. Kila pongezi ilimchoma kama upupu.

Baada ya kunyunyizia maji ya baraka, watoto wa marehemu waliitwa kuweka mashada kwa kufuata kuzaliwa. Alianza Nolasco, wakafuata ndugu zake, na wa mwisho alikuwa kitinda mimba, Deodatha.

Huyu Deodatha inafaa mumjue. Alikuwa amegombana na mama yake juu ya mwanamume aliyeolewa naye, na kwa ugomvi huo aliacha kupokea simu za nyumbani. Mama alipougua, hakujua. Alipofariki, alifika siku moja baada ya mazishi, akakuta udongo mbichi. Mwanamume mwenyewe naye alimtupa, akarudi nyumbani na watoto wawili. Jambo la ajabu ni kwamba Bibi Felicitas, kabla ya kukata roho, alikuwa amesema, "Deodatha akirudi, nyumba yangu ndogo ya uani ni yake." Hapo ndipo alipokuwa akiishi. Hakuwa na kwingine. Shangazi Kokwijuka hakulipenda jambo hilo hata kidogo, lakini neno la marehemu lilikuwa neno la marehemu.

Deodatha akapiga magoti kando ya kaburi. Aliweka shada lake, kisha akalaza viganja vyote viwili katikati ya jiwe, akainama, midomo ikisemasema na mama yake.

Ta!

Mlio ule uliwafikia hata waliokuwa nyuma kabisa. Ufa ulichomoka kwenye mguu wa msalaba, ukapita kati ya mikono ya Deodatha, ukaishia ukingoni. Kwaya ikakatika katikati ya neno. Deodatha akainua mikono haraka, akaitazama kama mikono ya mtu mwingine.

Shangazi Kokwijuka ndiye aliyesema, wala hakupaza sauti.

"Amemkataa."

Neno lile likapita kwa watu kama moto kwenye nyasi za kiangazi. Amemkataa. Mama amemkataa. Wenzake wote wamegusa, jiwe limenyamaza. Amegusa yeye ambaye hakumzika. Watu wale walikuwa wametoka kupokea komunyo muda huohuo, lakini hofu ya kaburi ina mizizi ya zamani kuliko kanisa.

"Wapendwa, jiwe ni jiwe," Padri alisema. "Msimbebeshe mtoto huyu mzigo." Akageuka. "Fundi, wewe ndiye mjuzi. Jiwe kama hili laweza kupasuka lenyewe?"

Mlango huo! Mlango ulifunguliwa wazi, na aliyeufungua alikuwa Padri, mbele ya ukoo mzima. Byabato alimtazama Deodatha aliyekuwa bado amepiga magoti, uso umempauka. Alimjua mtoto huyu tangu akiwa mgongoni kwa mama yake. Sentensi moja ingemwinua.

"Baba Padri," alisema, "mimi nililiweka likiwa zima. Mengine siyajui."

Nolasco akamshika dada yake mkono, akamwondoa kaburini. "Kesho baada ya misa ukoo ukae," alisema, bila kumtazama.

Jioni hiyo, nyumbani kwa Byabato, Immaculata alileta maji ya kunawa. Alipiga magoti kama siku zote. "Karibu unawe, baba." Macho yake yakabaki kwenye beseni. Lakini alikuwa amehudhuria ile shughuli, alikuwa ameiona kona ambako ufa ulitokea, na Byabato alijua kwamba ameiona. Afadhali angemtukana. Afadhali angecheka. Ile heshima yake ilimwelemea mzee kuliko tusi, akanawa mara mbili kwa kusahau kwamba amekwisha kunawa.

"Byabato," Vero alisema Immaculata alipokwenda. "Yule Deodatha ana watoto wawili."

"Haya mambo ya viwandani. Wanatuletea mawe yenye kasoro."

"Haya," Vero alisema, akaondoa chakula ambacho hakikuguswa.

Jumapili ukoo ukaketi uani kwa marehemu, na majirani wakaja kusimama pembeni, Vero na mkamwana wake wakiwamo. Deodatha alikaa peke yake chini ya mbuni, watoto wake wamemwegemea. Mabegi mawili yalikuwa yamesimama mlangoni pa nyumba ndogo, tayari yamefungwa. Shangazi Kokwijuka alisema kwamba marehemu ametoa kauli ya pili, na kauli ya pili huitangua ya kwanza. Jumanne Deodatha apande basi Kayanga, aende anakokujua, asikanyage kibanja mpaka ukoo utakapomwita. Hakuna aliyepinga. Deodatha mwenyewe hakupinga.

"Lakini kwanza jiwe liondolewe," Nolasco alisema. "Hatuwezi kuamua mambo huku mama amelala chini ya jiwe lililopasuka. Fundi, liinue."

Byabato alisimama. "Kwa nini kulisumbua? Liacheni, nitaliziba. Halitaonekana."

"Liinue."

"Tukiliinua litavunjika zaidi. Mnisikilize mimi, kazi hii naijua."

"Fundi," Nolasco alisema, akianza kumtazama vizuri, "nimesema liinuliwe."

Wanaume wanne wakauchomoa msalaba, wakachomeka mitaimbo. Walikuwa wamejiandaa kwa kazi ngumu, lakini jiwe liliachia mara moja, kwa kuwa lilikuwa limeshikwa pembeni tu. Lilipoinuka likakatika vipande viwili, vikabebwa, vikageuzwa na kuegemezwa kwenye ukuta wa jiko, tumbo likielekea watu.

Nani hufikiria kwamba kuna siku watu watatazama tumbo la jiwe la kaburi? Byabato hakufikiria. Ile saruji nyeupe aliyoisukuma kwa njiti ilikuwa imepenya mpaka chini, ikatiririka na kukauka. Juani ilionekana kama maziwa yaliyomwagika, shibiri moja kamili kutoka kwenye kona, imeganda pande zote mbili za ufa.

Watu waliangalia bila kuelewa. Aliyeelewa kwanza alikuwa Deodatha. Aliwaacha watoto, akaja polepole, akapitisha kidole juu ya ile nyeupe. Ilikuwa ngumu kama jiwe lenyewe.

"Hii ni nini?" aliuliza.

"Saruji nyeupe hiyo," alijibu mmoja wa wabebaji.

Deodatha akageuka. Hakuwa na hasira usoni, alikuwa akitaka kujua tu.

"Fundi, jiwe lilipasuka jana, mikononi mwangu, watu wote wakiona. Saruji hii iliingia lini kwenye ufa wa jana?"

Byabato alifungua kinywa. Uongo mwingine ulikuwa tayari, lakini haukupata pa kukanyaga. Akajikuta amepiga magoti pale penye udongo, yeye mwenye mvi, mbele ya binti aliyemjua tangu akibebwa mgongoni.

"Alhamisi," alisema.

"Sema watu wasikie," Nolasco alisema.

"Iliingia Alhamisi. Mimi ndiye niliyelipasua wakati wa kukata. Nikaziba. Jiwe hili sikuwahi kulifanyia kazi hata siku moja. Mkamwana wangu analijua, alinitumia neno la namna ya kulikata, nikalidharau. Nalo lingetengenezeka. Nilikuwa na mita nzima ya kutengenezea, nikaona haya kusema."

Macho yote yakamgeukia Immaculata. Alikuwa ameinamisha uso, machozi yakimdondoka. Alijua tangu jana, naye hakusema, kwa kuwa desturi ilimfunga mdomo na kwa kuwa aliogopa kumvua nguo baba mkwe wake mbele ya watu. Na yeye aliona haya. Hata Shangazi Kokwijuka, kwa mara ya kwanza tangu watu wamfahamu, alivuta khanga akajifunika mdomo, mdomo uleule uliosema "amemkataa."

"Na jana Padri alikuuliza," Nolasco alisema.

"Aliniuliza."

"Mbele yetu wote."

"Mbele yenu wote."

Nolasco alitaka kuendelea, akakumbuka. Naye alikuwa amemshika dada yake mkono akamwondoa kaburini kama mwizi. Akatazama chini.

Deodatha alibaki amesimama mbele ya fundi. Aliposema, alisema polepole.

"Shangazi kunisema, sikushangaa. Amenisema siku zote. Ndugu zangu kunyamaza, sikushangaa sana. Lakini, fundi, mimi mwenyewe niliamini. Jana watu walipotawanyika nilirudi pale kaburini. Nikamwambia, mama, nimesikia. Nimesikia kwamba hunitaki, nitaondoka. Nikaenda kufunga mabegi ya watoto. Nilimwambia mama yangu maneno hayo kwa sababu ya saruji yako."

Byabato alilia. Hakujificha uso, maana kofia ilikuwa imeanguka. Vero alikuja akasimama nyuma yake, wala hakumgusa. Watoto wawili wa Deodatha walikuwa wamekwisha kuanza kuyaburuta mabegi kuyarudisha ndani, na hakuna mtu wa ukoo aliyewazuia.

Deodatha kumsamehe hakumsamehe, si siku hiyo. Lakini alikuwa mtoto wa Bibi Felicitas.

"Amka, fundi," alisema. "Watu wanaona."

"Waache waone," Byabato alijibu. Na watu waliona, kuanzia wazee wa ukoo hadi watoto wa majirani, wala hapakuwa na hata mmoja kati yao aliyehitaji kuelezwa tena kwamba mficha maradhi, kifo humuumbua.